Makumbusho ya Larco, Lima: anzia ghalani

Msafiri anayekwenda Peru kwa ajili ya Machu Picchu hupita Lima siku moja au mbili, na katika siku hizo mara nyingi hupata nafasi ya makumbusho mamoja tu. Kama shauku yake ni vyombo vya udongo vya kale vya Andes, vile vilivyofinyangwa kwa sura ya mtu, mnyama au mmea, basi nafasi hiyo aitumie Museo Larco, katika wilaya ya Pueblo Libre. Tunayapa alama tisa kwa kumi, na ile moja tuliyoizuia tutaieleza huko mbele.

Jengo ni la karne ya 18, enzi ya utawala wa Wahispania, na limesimama juu ya mabaki ya piramidi ya karne ya 7. Makumbusho yenyewe yalianzishwa na Rafael Larco Hoyle mwaka 1926 kwenye shamba la miwa la familia yake huko Chiclín, bonde la Chicama, kaskazini mwa Peru, na baadaye yakahamishiwa Lima. Larco hakuwa mkusanyaji tu. Alichimba, alipanga, aliandika, na ndiye aliyezitenganisha tamaduni kadhaa za pwani ya kaskazini, kama Cupisnique na Salinar, ambazo kabla yake hazikuwa na mipaka inayoeleweka. Mgeni akilijua hilo ataelewa kwa nini mahali hapa pamepangwa namna palivyopangwa.

Sasa ushauri wetu mkuu: ukishakata tiketi, usianze na vyumba vya maonyesho. Nenda kwanza ghalani.

Makumbusho mengi duniani huonyesha sehemu ndogo ya vitu vyao, na vilivyobaki hufungiwa chini ambako mgeni hafiki. Hapa wameacha ghala wazi. Mkusanyiko wote unakadiriwa kuwa vitu 45,000, na karibu vyombo 30,000 vya udongo vimewekwa kwenye kabati za kioo zinazotoka sakafuni hadi karibu na dari, vikiwa vimepangwa kwa utamaduni na kwa mada. Kuna rafu za bundi, za kaa, za sili, za mateka, za wapiga muziki, za vipofu, za maboga. Usitarajie maelezo marefu kwa kila chombo. Wageni wengi hufika hapo wakiwa wamechoka na vyumba vya juu, wanapiga picha mbili tatu za wingi huo, wanaondoka. Wanakosa kitu ambacho ni nadra kukipata kwingineko.

Chombo kimoja cha Wamoche peke yake ndani ya kabati, chini ya taa nzuri, huonekana kama sanamu ya mapambo. Bundi ni bundi. Lakini simama mbele ya rafu nzima ya bundi, uanze kuona: huyu ni ndege wa kawaida, yule ana mikono ya mtu, yule mwingine amevaa kofia ya vita na ameshika rungu na ngao. Maana ya vyombo hivi imo katika mfululizo, katika kile kinachorudiwa na kile kinachobadilishwa. Wamoche, walioishi kwenye mabonde ya pwani ya kaskazini kati ya karne ya 2 na ya 8 BK hivi, hawakuwa na maandishi yanayosomeka leo. (Larco aliamini kwamba alama zilizochorwa kwenye maharage katika vyombo vyao ni aina ya maandishi, wataalamu wengi hawakukubaliana naye.) Walichotuachia ni vyombo maelfu kwa maelfu vyenye mada zile zile, na ghala hili ni mahali pazuri kuliko vyumba vyovyote vya maonyesho kwa kujifunza kuzisoma.

Mfano wetu bora ni paa. Tafuta chupa yenye paa aliyeketi kitako kama binadamu, miguu ameikunja, kamba imezunguka shingo yake. Mtazame vizuri: mwili ni wa mtu, kichwa ni cha mnyama, na mkao ni wa mtu aliyetekwa. Kisha hamia kwenye rafu ya mateka. Utaona wanaume uchi, wameketi vivyo hivyo, kamba shingoni, mikono imefungwa nyuma. Ukiwa umewaona wote wawili, unaelewa kwa nini katika michoro ya Wamoche wawindaji wa paa huvaa nguo za fahari na mapambo ya kichwani. Ule haukuwa uwindaji wa kutafuta kitoweo. Ulikuwa jamaa wa vita, na paa alichukua nafasi ya adui.

Vita vyenyewe vilikuwa na utaratibu wake. Katika michoro myembamba ya rangi nyekundu juu ya rangi ya maziwa, wapiganaji wanapambana mmoja kwa mmoja kwa marungu. Anayeshindwa anapigwa usoni mpaka pua inatoka damu, anashikwa nywele, anavuliwa nguo na mapambo, silaha zake zinafungwa kwenye rungu la mshindi, naye anaongozwa kwa kamba. Mwisho wa safari ni kafara: koo linakatwa, damu inakingwa kwenye bilauri na kupewa kiongozi mwenye mavazi ya miale. Pembeni yake kuna mtu-ndege, na kuna mwanamke mwenye kilemba cha mashungi mawili akileta bilauri.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hizo ni hadithi za miungu tu. Mwaka 1987 Walter Alva na wenzake walifukua kaburi la mtawala huko Sipán, bonde la Lambayeque, na mavazi yake yakalingana na ya yule kiongozi wa kwenye michoro. Kaburi la pili la hapo hapo likalingana na mtu-ndege. Mwaka 1991, huko San José de Moro, likapatikana kaburi la mwanamke mwenye mapambo ya yule mleta bilauri. Na kuanzia mwaka 1995, katika ua mmoja wa hekalu la Huaca de la Luna karibu na Trujillo, Steve Bourget alifukua mifupa ya wanaume wasiopungua 70 waliouawa. Mingine ilikuwa imelala ndani ya tope la mvua kubwa, jambo lisilo la kawaida kwenye pwani ile kavu isipokuwa miaka ya El Niño. Uchunguzi wa John Verano ulionyesha alama za visu kwenye mifupa ya shingo. Pamoja na mifupa hiyo kulikuwa na sanamu za udongo usiochomwa za wanaume uchi wenye kamba shingoni, zimevunjwavunjwa makusudi. Ni mateka wale wale uliowaona rafuni Lima. Ndiyo sababu tunasisitiza kuwa vyombo hivi visitazamwe kama vyombo vya nyumbani vilivyopambwa.

Vichwa vya watu

Sehemu ya pili ya kukaa muda mrefu ni chupa za vichwa. Hizi ni picha za watu halisi, si sura za jumla. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 15 na 30, mdomo wa chupa umechomoza nyuma au juu ya kichwa, na uso una kila kitu: makunyanzi, kovu, shavu lililobonyea, jicho moja dogo kuliko lingine. Christopher Donnan, aliyekusanya picha za vyombo vya aina hii kwa miaka mingi, alipata zaidi ya 900. Karibu zote ni za wanaume, wachache wakiwa wavulana.

Katika kundi hilo Donnan alimtambua mtu mmoja mwenye kovu kwenye mdomo wa juu, na akampata katika vyombo zaidi ya 40, tangu akiwa na umri wa kama miaka kumi hadi miaka thelathini na kitu. Jaribu zoezi hilo hilo ghalani. Usianze na kilemba wala rangi, kwa sababu kalibu moja, yaani kifaa cha kutolea umbo la udongo, iliweza kutoa vichwa kadhaa ambavyo kila kimoja kilipakwa rangi na kupambwa kivyake. Anza na mifupa ya uso: umbali kati ya macho, umbo la pua, kona za mdomo. Kisha tazama makovu. Kilemba na hereni viache mwisho. Anayeanza na kilemba atahesabu watu wawili mahali ambapo kuna mmoja.

Na hapa pana jambo zito. Baadhi ya wanaume wanaoonekana kwenye vichwa hivi wakiwa na vilemba vya heshima, wanaonekana katika vyombo vingine wakiwa mateka, uchi, kamba shingoni. Aliyechongwa kwa fahari ndiye huyo huyo aliyeelekea kwenye kafara. Hatujui chombo kingine cha udongo popote duniani kinachobeba habari nzito namna hiyo kwa uso mtulivu namna ile.

Usiache kuusoma mdomo

Chupa nyingi za Wamoche zina mdomo wa kikuku: mirija miwili inayotoka mwilini, inapinda kama upinde na kukutana juu, kisha mrija mmoja unasimama katikati. Mgeni huutazama kama mkono wa kushikia, na kweli unashikika vizuri na kufungika kwa kamba. Lakini Larco aliutumia kama kalenda. Mfumo wake wa mwaka 1948 una awamu tano, na mtu anaweza kuujifunza papo hapo.

Awamu ya kwanza: mrija wa juu ni mfupi na ukingo wake umevimba waziwazi. Ya pili: mrija umerefuka, ukingo umepungua. Ya tatu: mrija unapanuka kuelekea juu. Ya nne: mrija mrefu, umenyooka, hauna ukingo, na upinde ni wa mviringo, vichwa vingi vya watu ni vya awamu hii. Ya tano: mrija unachongoka kuelekea juu na upinde unakaribia pembetatu, na michoro hujaa mpaka nafasi tupu hazionekani. Tahadhari moja tu. Mfumo huu unafanya kazi vizuri kwa mabonde ya kusini, yaani Moche na Chicama. Kwa vyombo vya mabonde ya kaskazini, Jequetepeque na Lambayeque, wataalamu sasa wanatumia mgawanyo mwingine wa mapema, kati na mwisho, na tarehe za kaboni zimeonyesha kuwa awamu ya tatu na ya nne ziliishi pamoja kwa muda. Kwa hiyo mdomo ukuambie mwelekeo, usikuambie mwaka.

Kuhusu kumimina: ukiinamisha chupa ya namna hii kwa ubavu, upande mmoja wa upinde ukiwa chini, kinywaji hupita kwenye mrija wa chini na hewa huingia kwa mrija wa juu, nacho hutoka taratibu bila kurukaruka. Ukiinamisha kwa mbele, mirija yote miwili inajaa kwa pamoja, hewa inakosa njia na kinywaji kinatoka kwa mikupuo. Mdomo mwembamba pia hupunguza kukauka. Kinywaji chenyewe kilikuwa chicha, pombe ya mahindi yaliyooteshwa kwanza yakawa kimea, kisha yakakaushwa, yakasagwa, yakachemshwa na kuachwa yachachuke. Anayeijua busaa hahitaji maelezo zaidi.

Je, vyombo hivi vilitengenezwa kwa ajili ya makaburi tu? Hapana. Vingi vina kitako kilichosagika, midomo iliyomeguka, hata marekebisho ya kale. Vilitumika kwanza, vikazikwa baadaye. Kwa macho makali, kitako kinaonekana kwenye rafu za usawa wa kifua.

Jinsi vilivyotengenezwa

Maelezo ya ufundi katika vyumba vya juu ni mafupi kuliko tulivyotaka, basi tuyajazie. Andes ya kale haikuwa na gurudumu la mfinyanzi wala mpako wa kung'aa kama kioo. Fundi wa Moche alichukua sanamu ya asili, akaibandika udongo kupata kalibu ya vipande viwili, mbele na nyuma, akazichoma kalibu zikawa ngumu. Kisha alibonyeza udongo wenye mchanga ndani ya kila kipande, akaacha ukauke kidogo ujitenge na kalibu, akaviunganisha viwili kwa udongo wa majimaji na kusawazisha mshono. Mdomo ulitengenezwa peke yake na kubandikwa mwishoni, baada ya kutoboa matundu mwilini.

Hapo kwenye mdomo ndipo kazi nyingi huharibika. Mirija ikiwa imekauka kuliko mwili, vitasinyaa kwa kasi tofauti na ufa utatokea pale pale kwenye kiungo. Chombo kikiingia motoni na unyevu ndani, mvuke hupasua ukuta. Ukitazama vyombo vilivyorekebishwa ghalani utaona mivunjiko mingi imezunguka shina la upinde.

Rangi mbili kuu, nyekundu na ya maziwa, ni udongo mwepesi uliopakwa kabla ya kuchoma, kisha ukasuguliwa kwa jiwe laini mpaka ukang'aa. Nyeusi ya michirizi mara nyingi ni utomvu wa mimea uliopakwa baada ya kuchoma na kuunguzwa kidogo, ndiyo maana umefutika kwenye vyombo vingi. Uso unaoonekana mtupu leo huenda ulikuwa na masharubu au michoro ya shavuni. Vyombo vyeusi kabisa ni jambo lingine. Hivyo vilichomwa kwa kunyimwa hewa ili moshi uingie kwenye udongo, njia iliyopendwa sana na Wachimú waliofuata baadaye. Katika rafu za Wachimú utaona pia kalibu zilivyotumika kwa wingi mkubwa zaidi, sura zikirudiwa na undani ukipungua.

Simama pia kwenye chupa pacha zenye filimbi, za Wavicús, Wachimú na wengineo. Miili miwili imeunganishwa kwa mrija chini. Mmoja una mdomo, mwingine umezibwa na kubeba ndege au mnyama mwenye filimbi kichwani. Maji yakijazwa kiasi cha nusu na chupa ikiinamishwa kuelekea upande uliozibwa, maji yanasukuma hewa ipite kwenye filimbi, na mnyama analia. Ukijaza kupita kiasi, maji yanaingia kwenye filimbi na sauti inakufa. Ukijaza kidogo mno, mrija wa chini unabaki wazi, hewa inarudi kwa njia hiyo badala ya kupita kwenye filimbi. Kinywaji ndicho kilichompa mnyama pumzi, na fundi aliyekipanga kitu hicho alijua anachokitafuta.

Rafu ya mazao

Msomaji wa Afrika Mashariki asipite rafu za mimea haraka. Kuna mahindi, muhogo, karanga, viazi mviringo, pilipili, maboga, maharage. Karibu chakula chote cha mezani kwetu kipo pale kwa udongo, kimefinyangwa kwa mkono wa watu waliokilima karne nyingi kabla Wareno hawajazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Muhogo umechongwa na mafundo yake na mashina yaliyoshikana. Viazi vina macho ya kuchipulia yaliyogeuzwa kuwa macho ya uso wa mtu. Kuna karanga yenye uso na mikono, inapiga filimbi. Mahindi yanachipuka vichwa vya kiumbe mwenye meno ya chui, ambaye Larco alimwita Ai Apaec. Chakula, babu na mungu vinashikana katika kitu kimoja, na anayekinywea chicha anazungumza na wote watatu. Hapa ndipo kwetu makumbusho haya yanapoacha kuwa ya nchi ya mbali.

Tamaduni nyingine za Peru ya kale, Nazca, Recuay na Inka, tunazipita kwa ufupi, si kwa kuzidharau. Chupa za Nazca zenye midomo miwili iliyounganishwa kwa daraja zina rangi nyingi kuliko kitu chochote ghalani, na vichwa vilivyokatwa ni mada inayorudi tena na tena. Kwa Wainka tafuta paccha, chombo chenye mfereji ambamo kinywaji hupitishwa kimiminike kwa ajili ya mashamba na maji.

Jumba la sanaa ya ngono lipo peke yake, upande wa chini karibu na mgahawa, kwa hiyo mwenye watoto au asiyependa anaweza kulikwepa bila kupoteza kitu kingine. Anayeingia tunamwomba aingie kwa adabu ile ile aliyoingia nayo ghalani. Sehemu kubwa ya vyombo vile haionyeshi tendo la kuzaa, na katika baadhi yao wahusika ni mifupa mitupu, wafu walio hai. Bourget amezihusisha sanamu hizo na mazishi, kafara na ulimwengu wa chini, ambako mambo hugeuzwa kinyume. Si picha za maisha ya chumbani, na vicheko tunavyovisikia mara nyingi ndani ya majumba ya namna hii vinatokana na kutoelezwa hilo mapema.

Alama tuliyoizuia

Sehemu kubwa ya mkusanyiko ilinunuliwa kutoka kwa wakusanyaji na wenye mashamba, wakati ambapo makaburi yalifukuliwa ovyo. Chombo kinajulikana umbo na mtindo, lakini mara nyingi hakijulikani kilikuwa kaburi gani, mkono wa nani, jirani na nini. Hasara hiyo haitengenezeki. Linganisha na Sipán: katika hifadhi moja ya sadaka hapo zilipatikana chupa na mitungi 1,137, mingi ya kalibu na isiyo na uzuri wa kupigiwa mfano, lakini ikiwa imepangwa kama hadhara, wapiga muziki na mateka wakiwazunguka watu wa cheo. Mpangilio ule ulisema zaidi ya vyombo vyenyewe. Rafu za Larco zimepangwa na mtaalamu hodari, ila zimepangwa na mtu wa karne ya 20.

Kwa hiyo mwenye siku za ziada aende kaskazini. Trujillo kuna Huaca de la Luna, ambako kati ya mahekalu mawili wachimbaji walipata karakana ya wafinyanzi pamoja na kalibu zao. Lambayeque kuna Museo Tumbas Reales de Sipán, yaliyofunguliwa mwaka 2002. Anayefika huko akiwa ametoka ghalani Lima atatambua mambo ambayo wengine wanaelezwa na mwongozaji.

Ya kujiandaa

Kiingilio ni ghali kuliko makumbusho ya serikali ya Lima, na tunaona kinastahili. Yanafunguliwa siku zote za wiki, Jumatatu ikiwemo, siku ambayo makumbusho mengi ya mjini hufungwa. Kutoka Miraflores chukua teksi, lakini jioni foleni za Lima ni kali, nenda asubuhi. Tenga saa tatu: mbili za ghala, moja ya vyumba vya juu. Ukigeuza uwiano huo utachoka kabla ya kufika penye utajiri.

Beba darubini ndogo ya mkononi, kwani rafu za juu haziwezi kusomwa kwa macho matupu. Kwa picha, zima flashi na gusisha kamera ya simu karibu kabisa na kioo, vinginevyo utapata picha ya uso wako. Maelezo ya vyumba vya juu yapo kwa lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Kihispania au Kiingereza kitakusaidia. Jambo linalookoa muda zaidi ya yote ni katalogi yao ya mtandaoni. Itafute kabla ya safari, chagua mada mbili au tatu, kwa mfano mateka, bundi na muhogo, uzisome nyumbani, kisha uzifuate rafuni. Mgahawa wa bustanini ni mzuri na si wa bei ya chini. Asiyetumia kilevi aagize chicha morada, ambayo ni kinywaji cha mahindi ya zambarau yasiyochachushwa. Chicha de jora ndiyo yenye kilevi.

Mwisho, kuhusu kununua. Usinunue kamwe chombo unachoambiwa ni cha kale, hata kwa risiti. Sheria ya Peru namba 28296 ya mwaka 2004 inalinda urithi huo na kukataza kuutoa nchini, na Marekani ina makubaliano na Peru ya kuzuia vitu hivyo mpakani tangu mwaka 1997. Nunua nakala mpya, iliyosemwa kuwa nakala. Ya kazi nzuri haina mpako wa kung'aa kama kioo. Mng'ao wake umetokana na kusuguliwa, na ukiupitishia kidole unahisi laini bila kuteleza kama sahani. Gonga ubavu kwa ukucha: mlio mfupi uliopooza huenda ni ufa uliofichwa kwa rangi. Mimina maji kidogo kuona kama mirija yote miwili imetobolewa hadi ndani, kwa sababu nakala za bei rahisi huwa zimetobolewa upande mmoja tu. Ya filimbi ijaribu kwa maji, si kwa kuipuliza. Kama rangi inatoka kwenye kitambaa chenye unyevu, ni rangi ya dukani iliyopakwa baada ya kuchoma, na chombo hicho kisinywewe.

Nakala nzuri mno inaweza kukuletea usumbufu uwanja wa ndege kwa kudhaniwa ni ya kweli. Wizara ya Utamaduni ya Peru hutoa hati ya kuthibitisha kuwa kitu si sehemu ya urithi wa taifa. Ipate kabla ya siku ya safari, pamoja na risiti ya fundi, na uifunge nakala yako kwa nguo pande zote za upinde, maana hapo ndipo itakapovunjika.